Naomba ushauri: mama ana miaka 88 na anataka kurudi shambani

Habari zenu wapendwa. Mama yangu alikuwa msichana mdogo wakoloni Waingereza walipotangaza Hali ya Hatari nchini Kenya mwaka wa 1952 kupambana na Mau Mau, akachimbishwa mtaro kuzunguka kijiji huko Nyeri. Baadaye alitusomesha sote sita kwa kahawa na maziwa ya ng'ombe wawili. Kanisa hakukosa, hata mvua inyeshe vipi.

Januari alianguka zizini, nikamleta kwangu mtaa wa Umoja, Nairobi, orofa ya nne. Anakula, dawa za presha anameza, lakini raha hana. Juzi nilimkuta kwenye roshani anapanda sukuma wiki ndani ya ndoo iliyopasuka, anachimba kwa kijiko cha chai. Na kila Jumapili anaamka saa kumi na moja alfajiri, anajifunga kitambaa chake cheupe, kisha anakaa tu kitini, maana ngazi zinamshinda. Inaniuma sana.

Ndugu zangu wanasema nikimrudisha nitamuua. Mimi naona kumfungia hapa ndiko kunakommaliza. Mliowahi kulea mzazi wa umri huu, mlifanyaje? Msichana wa kazi anayelala huko kijijini atatosha kweli?