Maji ya kisima Tabora: chujio la mishumaa, mashine ya RO au kuvuna mvua?

MwanaIpuli: Habari zenu wakuu. Nimemaliza kuchimba kisima nyumbani, Ipuli. Nataka kununua kitu cha maji ya kunywa kabla mwezi haujaisha. Nimeangalia chujio la mishumaa (ile ya kauri, maji yanapenya taratibu), mashine ya RO (ya umeme, inasukuma maji yapite kwenye utando wenye matundu madogo sana), au nijenge tanki nivune mvua. Kipi kinafaa?

Fundi_Bomba: Mkuu, maji umeyapima? Kisima kina urefu gani? Choo kiko wapi? Kuna mtoto mchanga?

MamaChausiku: Vuna mvua mwanangu. Haina floraidi, yale madini ya ardhini yanayoharibu meno, wala chumvi. Bati langu nalifagia, mvua ya kwanza naimwaga.

Kazimoto: Mama, kiangazi chetu ni Mei mpaka Oktoba, tanki gani litavumilia? Na miembe yote hii juu ya bati?

MamaChausiku: Ya kunywa na kupikia tu. Kufua atumie kisima.

Mtemi77: Kuwa makini na RO. Shemeji yangu, Igunga, aliuziwa kwenye duka moja, wala hawakumuuliza habari ya vipimo. Maji yake yanatoka kisimani meupe, yakilala kwenye ndoo asubuhi ni mekundu. Chuma hicho. Utando wa mashine ukaziba, akanunua mwingine, ukaziba tena. Kurudi dukani anaambiwa tatizo ni umeme wake! Na chuma kile kilikuwa kinaharibu nguo na ladha tu. Angeyapitisha maji hewani, yakatuama tankini, akayachuja kwa mchanga, ndipo yaingie kwenye mashine. Iliniuma sana, pesa ile ilikuwa ya mavuno.

MwanaIpuli: Sijapima. Kisima mita 60 hivi. Choo kipo nyuma, si mbali sana. Mama watoto anatarajia kujifungua. Kwani nikichemsha haitoshi?

Fundi_Bomba: Hapo ndipo penyewe! Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi wala naitreti. Maji yakipungua sufuriani, kemikali inabaki na kukolea. Naitreti inatoka chooni na kwenye mbolea. Mtoto wa chini ya miezi 6 akikorogewa maziwa ya kopo kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake inashindwa kubeba oksijeni, midomo inageuka bluu. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita, floraidi 1.5. Mishumaa haizuii hata moja. RO inapunguza zote mbili.

Nesi_Mstaafu: Akinyonyeshwa ziwa la mama tu, hatari hiyo inapungua sana. Mimi naogopa floraidi. Meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu wa Arusha yanaharibika utotoni, yakiwa bado ndani ya fizi. Ikizidi kwa miaka mingi inaingia mifupani, mgongo na magoti vinakaza. Kule wanachuja kwa mkaa wa mifupa.

Kazimoto: Mifupa ya mnyama gani? Kuna watu hawatayagusa maji hayo.

Nesi_Mstaafu: Ng'ombe, kaka. Inachomwa kwa moto mkali mpaka hakuna nyama wala mafuta.

Kazimoto: Nani atathibitisha ni ng'ombe?

MwanaIpuli: Jamani, sampuli ya kupima naibeba kwenye chupa gani?

Fundi_Bomba: Kawaulize kwanza maabara ya maji, wengine wanatoa chupa zao. Pima floraidi, naitreti, chuma na vijidudu. Mashine usinunue bado.

MamaChausiku: Tanki la lita 5,000 siku hizi linauzwaje hapo mjini?