Mrejesho: mbao za violini hapa Nairobi

Wadau nimerudi. Niliuliza nitapata wapi mbao za kuchonga violini Nairobi bila kuagiza kutoka Ulaya sprusi (mbao laini ya uso wa violini) na mepo (mbao ngumu ya mgongo wake). Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema nitafute piano mbovu, nilipata moja na ule ubao wake wa sauti kweli ni sprusi, lakini unene ni milimita 9 hivi na uso wa violini una mbinuko wa kama milimita 15, kwa hivyo haukutosha, nimetoa tu kile kijiti cha kusimama ndani ya violini, kati ya uso na mgongo, cha unene wa milimita 6. Mbao kuukuu ndizo zimenisaidia. Sokoni Gikomba nilichambua saiprasi ya paa la nyumba iliyobomolewa, naangalia kichwa cha kila ubao, mpaka nikapata mbili mistari yake imesimama wima kabisa, ukigonga inalia vizuri mno! Nimeziunganisha ziwe uso, gundi imeshika.

Mgongo wa violini ndio umenishinda. Nilinunua ubao mbichi nikauanika juu ya mabati, siku ya nne ukapasuka toka kichwani hadi katikati. Mlikuwa mmesema kivulini na ncha zipakwe nta, sikufuata. Mwingine sasa uko chini ya kitanda na nta yake, nangoja ukauke.