Konferensi ya distrikti ya Rotary: niende au nitunze hela?

Habari za wikendi wandugu,

Klabu yangu ya Rotary (wale wanaojitolea kusaidia jamii) hapa Coventry, Uingereza, inanihimiza niende konferensi ya distrikti, yaani klabu zote za eneo letu, Ijumaa hadi Jumapili, Llandudno, pwani ya kaskazini ya Wales. Nyumbani nilikuwa Rotaract, ile Rotary ya vijana, huku bado mgeni. Nikijumlisha usajili, hoteli, treni na dina ya Jumamosi, kichwa kinauma. Mliowahi kwenda, kuna faida? Halafu kijijini kwetu wanalia na maji. Naweza kupeleka ombi la kisima hukohuko?

Mdogo wenu, Coventry

---

Mdogo wangu, nenda. Ila la kisima tulizungumze kwanza, maana wengi wetu hapo ndipo tunapokwama.

Hakuna anayetoa hela konferensi. Gavana wa distrikti, yaani kiongozi wake, atahutubia, ripoti zitasomwa, mtu aliyepanda mlima atatuonyesha picha zake (kila mwaka yupo mmoja). Kazi yenyewe iko kwenye ukumbi wa meza za maonyesho na kwenye foleni ya chai. Pale unakutana na mwenyekiti wa kamati ya Rotary Foundation (mfuko wa Rotary unaotoa ruzuku) wa distrikti, mzee ametulia na kikombe chake, na ndiye anayejua fungu la mwaka huu limebaki kiasi gani. Jumatatu ukimwandikia barua pepe utasubiri sana. Pale kwenye chai anakujibu papo hapo.

Ujue utaratibu kabla hujamkaribia. Ruzuku ya kimataifa ya Rotary haianzi chini ya bajeti ya dola 30,000, na lazima klabu mbili zishikane: moja ya kule mradi ulipo, nyingine ya nje. Kwa hiyo kisima kimoja cha kijiji peke yake hakifiki huko. Kiunganishe na shule na zahanati za jirani, au omba ruzuku ndogo ya distrikti. Na klabu ya nyumbani ndiyo itangulie. Klabu zipo, Nairobi tangu 1930, Dar tangu 1949, na mikoani zimejaa. Waandikie wiki hii. Wao ndio watakaokaa na wanakijiji, waulize nani atashika ufunguo wa pampu na nani atanunua spea ikiharibika. Wazungu wa hapa swali la kwanza ni hilohilo, na ukisema "bado tunapanga" mazungumzo yameisha.

Chukua karatasi moja tu: kijiji kilipo, watu wangapi, maji wanachota wapi sasa hivi, klabu gani ya nyumbani imekubali. Picha mbili. Omba pia bendera ndogo za klabu ya nyumbani, wanapenda sana kubadilishana, na mtu akishakupa bendera yake hakusahau upesi.

Gharama: ulizia punguzo la wanaohudhuria mara ya kwanza, na muulize mweka hazina wa klabu yako kama wanachangia. Usione haya, wenzako wanauliza. Hoteli si lazima iwe ile ya konferensi. Nyumba za wageni za mtaa wa nyuma zina chai nzito ya asubuhi na bei ya kibinadamu.

Kaka yako, Leeds

---

Naongezea ya dina, maana wanaume hawayasemi. Kwenye fomu kuna sehemu ya chakula: andika halali, au huli nguruwe, mapema. Ukisubiri mezani utaletewa uyoga. Baada ya chakula wote husimama na glasi kwa heshima ya Mfalme, kisha kwa Rotary duniani kote. Maji au juisi inatosha kabisa, hakuna atakayekutazama. Nguo ya jioni isikutoe jasho la kukodi suti, shati zuri la kitenge linapendeza kuliko hizo suti nyeusi, na ndilo litakaloanzisha mazungumzo.

Shangazi, Slough

---

Kama kuna anayetaka kumwalika mwanachama kutoka nyumbani: Wakenya na Watanzania wanahitaji viza ya Uingereza. Ile ya mgeni wa kawaida inaruhusu konferensi. Haiombwi zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida ni wiki 3. Barua ya mwaliko ya klabu inasaidia, lakini wanachotazama zaidi ni kazi yake kule, taarifa za benki, na nani hasa analipa. Kama ni klabu inalipa, iandikwe wazi inalipa nini na nini.

Wa Reading

---

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshawaandikia wa nyumbani na usajili nimelipa. Treni nimeona ni kubadilisha Crewe na tena Llandudno Junction, kwa hiyo naenda na gari, barabara ya M6 halafu A55. Nina nafasi 3. Aliye Birmingham au Wolverhampton tuchangie mafuta, naondoka Ijumaa saa sita mchana.


Coventry