Beki wa kulia, miaka 29, kocha anataka niingie kati. Nikubali?

NambaMbili:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliocheza huu mpira, maana huku kila mtu ananiambia lake. Nina miaka 29. Tangu nipandishwe timu ya wakubwa nimecheza beki wa kulia tu: kupanda, kumwaga krosi, kurudi mbio. Msimu huu winga akishanipata hatua moja, simfikii tena kama zamani. Kocha mpya kaliona hilo. Ameniita, akasema kwa upole kabisa kwamba anataka niwe beki wa kati, upande wa kulia wa wale wawili.

Urefu wangu ni sentimita 178. Mkataba unaisha mwisho wa msimu ujao, na klabu zote zinanijua kama mtu wa pembeni. Je, kuna timu itakayomsajili beki wa kati wa miaka 30 ambaye ndiyo kwanza anajifunza? Au hii ndiyo njia ya kunitoa taratibu?

NambaTisa:
Mkuu, mimi ni straika, nakwambia ninachokifanya uwanjani. Nikiona mmoja wa mabeki wa kati ni mfupi, naenda kusimama kwake kila mpira wa juu. Kipa wetu naye anajua ampigie nani. Fikiria vizuri.

SentahafuMstaafu:
Mdogo wangu, kubali. Na mimi nilianza pembeni nikamalizia kati, na miaka niliyoipata pale kati ndiyo iliyonisomeshea watoto. Kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, univumilie.

NambaTisa amesema kweli, watakutafuta juu. Lakini Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 2006 na mshindi wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, mwaka huohuo, ni mfupi kuliko wewe. Mtu wa kimo chenu anaruka mapema, anamgusa straika kabla hajapata nafasi ya kukunja magoti. Hata usipoupata mpira, hakikisha na yeye haupati akiwa huru. Kwenye kona mwombe kocha akuweke nguzo ya karibu, yule mrefu wenu abaki katikati ya boksi dogo.

Hili la kutolewa taratibu liondoe kichwani. Sergio Ramos alikuwa beki wa kulia Hispania ilipotwaa Kombe la Dunia 2010, na kwenye Euro 2012 alikuwa kati, wakachukua tena. Carles Puyol naye alitokea pembeni. Paolo Maldini aliingia kikosi cha kwanza cha Milan mwaka 1985 akiwa na miaka 16, akatawala upande wa kushoto, halafu akaingia kati, na mwaka 2007 alinyanyua kombe la Ulaya kama nahodha akiwa na miaka 38. Alistaafu 2009 na mechi 902 za klabu hiyo. Kama mtu yule angeng'ang'ania kukimbizana na mawinga hadi mwisho, tusingeihesabu hiyo 902.

Sasa kazi yenyewe. Pembeni una chaki, yaani mstari wa pembeni, inayokusaidia kukaba, nusu ya hatari huna haja ya kuitazama. Kati, mtu anaweza kutokea popote, na yule anayekuumiza ni yule aliye mgongoni. Jizoeze hivi: mpira ukiwa njiani kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, geuza shingo, angalia bega la kulia, angalia la kushoto. Ukisubiri ufike ndipo uangalie, umechelewa. Na usisimame kifua wazi kumwelekea mwenye mpira. Simama kiubavu, mguu mmoja nyuma, ili ukigeuka usiwe na hatua ya kupoteza.

Kisha msome mpigaji. Kama hana mtu wa kumsumbua, kainua kichwa halafu anavuta mguu nyuma, wewe anza kurudi palepale, kabla mpira haujaondoka. Kama kabanwa au kawapa mgongo, pandeni wote kwa pamoja na mwacheni straika wao kwenye kuotea. Kasi ya beki wa kati inatoka hapo. Nimecheza na sentahafu, yaani beki wa kati, aliyekuwa mzito kuliko sisi wote, na kila mara alikuwa amefika kwenye mpira kabla ya vijana wenye mbio, kwa sababu alikuwa anaondoka kabla yao.

Kuna tabia mbili za pembeni utaziacha. Ya kwanza, kumfuata mtu. Straika akishuka hadi katikati ya uwanja ukamfuata, umefungua mlango nyuma yako. Mkabidhi kwa kiungo, kwa sauti. Taja jina kwanza, kisha neno moja: "panda", "acha", "nyuma". Usipotaja jina, kila mtu atadhani anaambiwa mwenzake.

Ya pili, kuteleza. Pembeni ukiteleza ukakosa, unaruhusu krosi. Kati ukikosa, mtu anabaki na kipa. Na sheria ikumbuke: tangu 2016, ukimzuia mtu aliyekuwa na nafasi ya wazi ya kufunga, ndani ya boksi ukiwa kweli unautaka mpira ni penalti na njano, lakini nje ya boksi ni nyekundu. Baki kwa miguu yako, mcheleweshe, wenzako warudi.

Una mtaji ambao mabeki wengi wa kati hawana. Umezoea kupokea mpira ukiwa umebanwa kwenye chaki na kutoka. Tangu 2019 beki anaruhusiwa kupokea goli kiki ndani ya boksi lake, na timu nyingi zinaanzia hapo. Mwenye mguu wa kupiga pasi chini ya presha anatafutwa.

Kuhusu mkataba: kwa kanuni za FIFA, miezi sita ya mwisho uko huru kusaini na klabu nyingine. Kwa hiyo ukianza sasa, ikifika hapo utakuwa na mechi za karibu msimu mzima za kuonyesha. Ukisubiri utakuwa na maneno tu. Na kama bonasi zako zimefungwa kwenye pasi za mabao, omba zibadilishwe ziwe za mechi ulizocheza na mechi ambazo timu haikuruhusu bao. Hili ulizungumze mapema, kabla hujacheza hata mechi moja.

DadaFizio:
Nakubaliana na kaka hapo juu, ila mwili nao usemewe. Mbio ndefu zitapungua, lakini kuruka, kufunga breki na kugeuka ghafla kutaongezeka, na nyonga zitakuambia. Msuli wa nyuma ya paja usiulaze pia. Beki wa kati anakaa muda mrefu bila kukimbia, kisha anatakiwa atoke kwa kasi yote mara moja, na hapo ndipo unachanika. Endelea na mazoezi ya kuimarisha msuli huo, na kila wiki pata mbio kadhaa za kasi kamili mazoezini.

Kubwa zaidi ni kupiga mpira kwa kichwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, uliotolewa 2021 kwa wachezaji wa zamani wa kulipwa uliona kwamba mabeki ndio walioathirika zaidi na magonjwa ya ubongo kama kupoteza kumbukumbu, takriban mara tano ya watu wa kawaida. Makipa hawakuonyesha ongezeko la namna hiyo. England mwaka huohuo ilitoa mwongozo wa kupiga vichwa vya nguvu visivyozidi 10 kwa wiki ya mazoezi. Jifunze muda wa kuruka kwa mipira ya kurushwa kwa mkono, imarisha shingo, na ukigongwa ukaona kizunguzungu, toka. Usimalizie mechi kwa ajili ya mtu yeyote.

NambaMbili:
Asanteni sana, mmenifungua macho, dada hasa hilo la vichwa hakuna aliyewahi kuniambia. Nitakubali. Kuna mechi ya kirafiki inakuja. Nimwombe kocha nini?

SentahafuMstaafu:
Mwombe upangwe na mwenzako yuleyule na kipa yuleyule mechi zote za mwanzo, mzoeane sauti. Omba pia picha za kamera ya juu, inayoonyesha uwanja mzima, kwa sababu ile ya televisheni inafuata mpira na wewe makosa yako yatakuwa mbali nao. Na akisema uanzie kwenye mabeki watatu, upande wa kulia, pokea kwa mikono miwili. Kyle Walker alipelekwa hapo na England kwenye Kombe la Dunia 2018 akitokea beki ya kulia. Pale bado una chaki karibu, na yule anayepanda mbele yako unajua anautaka mpira wapi.