Tusichanganye sala kwa marehemu na hoja ya toharani

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu amedai kwamba, kwa kuwa neno toharani, yaani utakaso wa baada ya kufa kwa waliokwisha kusamehewa, halimo katika Biblia, Misa na sala zote zinazotolewa kwa ajili ya marehemu ni kazi bure. Naona ameyafunga pamoja mambo mawili yanayopasa kupimwa kila moja peke yake, kwani desturi ya kuwaombea marehemu ina umri mkubwa kuliko fundisho lililokuja kuieleza.

Mtakatifu Monika, alipokuwa akikata roho huko Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wasihangaikie mahali pa kumzika, bali wamkumbuke altareni pa Bwana, naye Augustino, aliyetuandikia habari hiyo, alimwombea mama yake asamehewe madeni yake. Fundisho lenyewe lilitamkwa rasmi baadaye sana, katika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Lyon wa mwaka 1274, ule wa Florence, na hatimaye Trento mwaka 1563. Huko Florence Wagiriki, yaani Waorthodoksi, ambao nao huwaombea marehemu wao, waliubishia moto wa kutakasa, na hati ya kuyaunganisha Makanisa hayo mawili ya mwaka 1439 haikuutaja moto huo.

Upande wa Wakatoliki, nami nikiwamo, hutegemea mno sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambamo Yuda Mmakabayo, jemadari wa Wayahudi, alichanga drakma 2,000 za fedha ili sadaka ya dhambi itolewe Yerusalemu kwa ajili ya askari waliouawa. Waprotestanti hawakihesabu kitabu hicho kuwa Maandiko, na hata tukikikubali, askari wale walikutwa na hirizi za sanamu chini ya nguo zao, kosa ambalo kwa mafundisho yetu wenyewe ni zito, na afaye katika dhambi nzito bila kutubu haendi toharani. Kwa hiyo kifungu hicho kinathibitisha kwamba wafu waliombewa, toharani hakiielezi.

Waebrania 9:27, andiko lisemalo kwamba baada ya kufa ni hukumu, halitupingi, kwa maana Kanisa halifundishi kwamba toharani ni nafasi ya pili ya kutubu: walioko humo wamekwisha kuokolewa. Kuhusu biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, iliyomkasirisha Luther mwaka 1517, sina la kuitetea, na Trento yenyewe ilikemea uchumaji wa fedha wa namna hiyo.

Hoja nzito ya wapinzani, ambayo haijaguswa hapa, ni kwamba sadaka ya Kristo inatosha, basi kimebaki nini cha kutakaswa? Nami nawauliza: mtu aliyesamehewa kweli, akafa angali na kinyongo kwa ndugu yake, kinyongo hicho humtoka vipi kabla hajaingia katika mji ambao, kwa mujibu wa Ufunuo 21:27, hakiingii cho chote kilicho kinyonge, yaani najisi? Mkijibu kwamba Mungu hukiondoa papo hapo, basi utakaso mmeukubali, na tunachobishania ni muda wake, ambao Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya tumaini, alisema haupimwi kwa saa za dunia hii.