Tupeane uzoefu: "should have", "must have" na ndugu zake, uliyazoeaje mdomoni?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kuna kipande kimoja cha Kiingereza ambacho wengi tunakijua kwenye karatasi lakini mdomoni kinagoma: kukisia jambo lililokwisha kutokea, na kujutia lililopita. He must have left. She might have forgotten. I should have called. Mtihani wa kidato cha nne tunajaza nafasi bila wasiwasi. Ingia sasa kwenye kikao utake kusema "mzigo utakuwa umekwama bandarini", unajikuta umekimbilia maybe na I think kila sentensi. Utaeleweka, ila msikilizaji hajui kama una uhakika au unabahatisha.

Binafsi lile jedwali la shuleni halikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni mpira. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Yanga na USM Alger: tumefungwa 2-1 Dar, tumeshinda 1-0 kule Algiers, kombe limeondoka kwa sheria ya goli la ugenini. Mimi na jamaa yangu tuliibishania wiki nzima kwa Kiingereza tu. We should have defended better at home. We could have won it in Dar. Ukiwa na uchungu wa kweli, sentensi inatoka yenyewe. Msiba huo wa Yanga ukiisha mnahamia Ghana na Uruguay 2010, penalti ya Gyan iliyogonga mwamba dakika za mwisho kabisa. Hiyo haiishi.

Kitu kimoja cha kushika: baada ya must, should, might, have inabaki have. Awe yeye, awe wao, haigeuki has wala had. Haya, wengine mlifanyaje?

Mdau wa Watamu
Mimi hizi ndizo zinaniweka mjini, natembeza wageni magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili hapa pwani ya Kenya. Swali la kwanza la kila mgeni: kwa nini watu walihama? Na ukweli ni kwamba hakuna jibu moja. Mji ulikuwa na msikiti mkubwa, jumba la mfalme, nyumba za mawe zenye vyoo ndani, kisha mwanzoni mwa karne ya 17 ukabaki mtupu. Ukimwambia mgeni they left because of water kama vile ulikuwepo, akirudi hotelini akasoma atakuona muongo.

Kwa hiyo natumia ngazi ya uhakika. Tukifika penye vyombo vya kaure vya Kichina vilivyofukuliwa pale, nasema kwa kifua: these people must have been part of a very wide trade. Ushahidi uko mezani. Tukifika kwenye kisima nje ya msikiti mkuu, ambacho kiliongezwa kina, nashuka kidogo: the wells may have been drying up. Habari za kushambuliwa na maadui nazo ni might have been attacked, basi.

Wanaponiweza ni kwa Wareno. Walikaa Malindi karibu karne nzima, ni pua na mdomo na Gede, lakini maandishi yao hayautaji mji huu. Mgeni atasema, so they can't have known about it. Hapo namrudisha taratibu: they might not have known. Can't have ni kufunga mlango kabisa, na kimya cha maandishi hakifungi mlango. Kuna mzee mmoja mgeni, mwalimu mstaafu, alinipa mkono kwa hiyo sentensi kabla hata ya bakshishi.

Mwalimu wa Pemba
Nimekupenda, Watamu. Darasani kwangu natumia habari ya kipande cha bawa la ndege kilichookotwa hapa Pemba 2016, kikathibitishwa kuwa cha MH370, ile ya Malaysia iliyopotea Machi 2014. Sifanyi mzaha nacho, kuna watu 239 mle. Lakini watoto wa pwani wanajua bahari, kwa hiyo wana la kusema. Sheria yangu ni hii: ukisema must have, taja ushahidi. Kijana mmoja alisimama, the current must have carried it. Nikamuuliza ushahidi. "Mwalimu, kipande cha bawa hakina injini." Nikampa maksi zote.

Mdau wa Muscat
Nyie mnaongelea kukisia, mimi niongelee lawama. Hapa ofisini bosi alimwambia mwenzangu, you should have called me. Jamaa kaitika yes sir, katoa simu, kapiga palepale. Simu ikaita mfukoni mwa bosi, wote tumekaa kimya!

Kwetu "ulitakiwa unipigie" bado inaacha nafasi. Ile ya Kiingereza imeshakuhukumu kwamba hukupiga. Jibu lake ni sorry, I should have. Na masikio yaandaeni, Waingereza hawaitamki nzima, inasikika shudav. Ndiyo maana hata wenyewe huandika should of. Msiwaige.

Mgeni jukwaani
Samahani wakuu, "jana ilibidi niondoke mapema" ni I must have left early?

Mleta mada
Hapana mkuu. Ilibidi ni had to: I had to leave early. Ukisema I must have left early unakisia habari zako mwenyewe, kama mtu aliyepoteza kumbukumbu.

Dada wa Arusha
Mnajisumbua na magofu, umbea upo! Mimi na wifi yangu tunarekodiana sauti WhatsApp kila usiku. Wiki hii jirani kaleta gari, na mwezi jana alikopa unga kwangu. Wifi: he must have got a loan. Mimi: he can't have, benki gani hiyo? Wifi: his brother might have sent it from Dubai. Jana tumegundua gari ni la bosi wake, analilaza tu pale kwake.

Mdau wa Muscat
Then you needn't have worried, dada.

Dada wa Arusha
Na unga wangu je? He could have returned it!