Utabiri wa Ulaya umefutiwa bei. Na sisi tuwape Malawi na Zambia vipimo vyetu bure?

Mtu wa Uyole
Wadau, salaam. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya, ECMWF, kinatoa bure kabisa takwimu zake zote za utabiri wa kila siku. Marekani modeli yao ya GFS, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, iko wazi miaka mingi. Wajerumani walibadilisha sheria mwaka 2017 wakafungua za kwao. Sasa nauliza: Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa, TMA, nayo iweke wazi kila kitu, vipimo vya vituo na matokeo ya modeli inazoendesha, kwa majirani na kwa yeyote anayetaka? Mimi nasema ndiyo, tena leo.

Fundi Takwimu
Mkuu, kidogo tu: kilichofutwa ni bei ya takwimu zenyewe. Ukitaka uletewe mzigo mzima kwa haraka, huduma ya kuletewa bado unalipia. Lakini hoja nakuunga mkono. Watu wanadhani tunapewa msaada. Modeli haiwezi kutabiri kesho bila kujua hewa ikoje sasa hivi, dunia nzima, na Tanzania imo. Joto, upepo na mgandamizo vikipimwa hapa vinapelekwa kwenye mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, kisha vinaishia kwenye kompyuta kubwa ya ECMWF kule Bologna. Mwaka 2021 WMO ilipitisha sera mpya: nchi zibadilishane takwimu za msingi bure, bila masharti. Kwenye mtandao huo wa msingi vituo vya ardhini vinatakiwa kupima kila saa, visiachane zaidi ya kilomita 200, na maputo ya kupima hewa ya juu yarushwe mara mbili kwa siku kila kilomita 500. Afrika ina mapengo makubwa. Pengo likiwa kwetu, utabiri unaoumia ni wetu.

Kilolo Juu
Kamwene. Haya yote ni ya wakulima wa simu. Mtu anaamka Igurusi, anafungua simu, anaona kiwingu kina matone matatu, anamwaga mbegu. Wiki mbili jua. Halafu kosa la Ulaya. Wazee wetu waliangalia mti wa mhemi tu unavyochanua, wakavuna.

Mpunga Igurusi
Ndugu wa Kilolo, umenigusa pabaya. Huyo mkulima wa simu ni mimi. Msimu uliopita simu ilionyesha mvua siku nne mfululizo, nikamwaga kitalu cha mpunga. Halikudondoka hata tone, mbegu ikaliwa na ndege. Jirani yangu ana miaka sabini na kitu, hana hiyo simu, anafuata dalili za wazee, na alimwaga siku ileile. Tulipata hasara wote wawili. Mbona yeye hachekwi?

Fundi Takwimu
Pole sana kaka. Ngoja nikueleze kilichotokea kwenye simu yako. Modeli ya Ulaya inagawa dunia kwa vijisanduku vya kilomita 9, ya Marekani kama kilomita 13. Sasa fikiria kona hamsini na saba za kutoka Chimala kupanda Matamba. Chini unatoka jasho, juu unavaa koti. Kwenye modeli mteremko ule wote ni sanduku moja au mawili, na mlima umelainishwa ukawa kama kichuguu. Mvua iliyonyesha juu inagawiwa mpaka bondeni kwako. Programu ya simu inachukua namba hiyo mbichi na kuchora kiwingu, bila mtu anayelijua bonde lenu la Usangu kuiangalia. Mtabiri wa TMA anapokea namba zilezile, lakini anazilinganisha na picha za setilaiti, rada na alichokiona misimu iliyopita. Waingereza wana modeli ya Afrika ya kitropiki ya kilomita 4.4, na huwapa watabiri wa huku matokeo yake. Hata hiyo inamhitaji mtu.

Mama Parachichi
Nimesoma yote, bado niko kwenye mhemi. Kilolo Juu, unaongea kama vile Iringa pekee ndiko kuna wazee. Sisi Rungwe tuna dalili zetu na shule tumekwenda.

Kilolo Juu
Mama shikamoo. Sikusema Iringa pekee. Nilisema ukweli kwamba watu wa Mbeya mmeziacha.

Mpunga Igurusi
Kama mhemi unaleta mvua, Isimani kule kwenu Iringa wangekuwa wanauza mchele. Mihemi wanayo, ukame wanao.

Kilolo Juu
Usiitukane Isimani. Nimezaliwa huko. Mhemi hauleti mvua, unatoa habari. Watu wa Isimani wanajua mwaka mbaya kabla haujafika ndiyo maana bado wapo.

Mtu wa Uyole
Jamani, mada ni takwimu na majirani.

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Ugonile wote. Vijana, mnagombana juu ya jambo lililokwisha kuandikwa. Mwaka 2010 Dk. Ladislaus Chang'a, huyu ambaye sasa ndiye mkuu wa TMA, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ujuzi wa asili wa kutabiri mvua kwenye nyanda hizi za juu. Walikuta kwamba miti ya mihemi na mikwee ikichanua mapema na kwa wingi kati ya Julai na Novemba, wananchi huihesabu kuwa dalili ya msimu mzuri. Kwa hiyo anayesema mamlaka inawadharau wazee hajui, na anayesema wazee hawahitaji mamlaka naye hajui. Mhemi hukwambia msimu. Haukwambii Jumanne.

Kilolo Juu
Mwalimu asante. Nilijua.

Mama Parachichi
Ulijua ukatuacha tubishane?

Songwe Mpakani
Naomba niseme ya Kyela. Mvua ikipiga Ileje na ng'ambo Chitipa, Malawi, mto Songwe unafurika kwetu na kwa wenzetu wa Malawi, Karonga. Maji yakitoka upande wao, kipimo kinachoweza kutuokoa kiko Malawi. Yakitoka kwetu, chao kiko Tanzania. Ninyi wa mlimani mnajadili mti. Mimi mwaka mmoja nilibeba watoto mgongoni usiku, maji kiunoni. Wapeni Malawi vipimo, na wao watupe.

Mama Parachichi
Malawi hawahawa wanaodai Ziwa Nyasa la upande wetu ni lao kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890? Tuwape na mvua?

Songwe Mpakani
Mama yangu, nakuheshimu, lakini unayaandika hayo ukiwa mlimani pakavu. Mpwa wangu ameoa Karonga. Mambo ya ziwa wayamalize wakubwa. Mimi naomba milimita tu.

Fundi Takwimu
Kubadilishana kupo. Mpango wa WMO wa tahadhari ya hali mbaya ya hewa ulianza kusini mwa Afrika mwaka 2006: vituo vikubwa vya dunia vinatuma matokeo ya modeli, Pretoria wanayachambua kwa nchi za kusini, Nairobi kwa nchi za mashariki, na sisi tunapokea kote kuwili. Halafu kila nchi inatoa tahadhari yake. Kinachokosekana ni vile vipimo vidogovidogo vya mvua vya mashuleni, misheni na mashamba ya chai. Vingi vinabaki kwenye daftari.

Mtu wa Uyole
Na nikiri kilichonileta hapa. Niliwahi kuomba takwimu za mvua za miaka 30 za kituo kimoja kwa ajili ya tasnifu yangu. Ofisi moja ikanipa ankara iliyozidi ada ya muhula. Nikabadilisha mada. Takwimu za bonde ninaloishi zikanishinda, za Bahari ya Atlantiki nikazipakua nikiwa kitandani. Iliniuma, bado inaniuma.

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Pole mwanangu. Lakini ungepewa bure, nani angemlipa msomaji wa kipimo? Mimi nilisoma kipimo cha shule miaka kumi na tisa, kila siku saa tatu asubuhi, Krismasi na misiba. Hakuna aliyenilipa wala aliyekuja kuyachukua yale madaftari. Ninayo. Mchwa wamekula moja tu.

Mtu wa Uyole
Mwalimu, unayo bado?! Basi naacha swali la Malawi kwa leo. Ninaweza kuja Tukuyu Jumamosi niyapige picha?

Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Njoo, ila usiyabebe. Na kipimo bado kiko uani. Kuanzia leo nitaandika hapa kila asubuhi. Tukuyu: milimita 14.

Mpunga Igurusi
Nimekata chupa nikaweka rula, nitanunua cha kweli nikivuna. Igurusi: sifuri. Mawingu yako upande wa Chimala.

Songwe Mpakani
Kyela bado inanyesha. Nitamwomba mpwa wangu aandike ya Karonga.